Kusakinisha hifadhidata huria: dirisha la Next-Next au teminali? Tunabishania kitu ambacho sicho

#1 Mtunza_Jedwali (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Kila mgeni akiuliza aanzeje na PostgreSQL au MySQL, majibu yanagawanyika kambi mbili kabla hata hajasema kompyuta yake inatumia mfumo gani. Kambi moja inamwambia apakue kisakinishi, abofye Next mpaka mwisho, aanze kuandika SQL. Kambi ya pili inamcheka na kumpa mistari ya amri asiyoielewa. Mgeni anaondoka anawajua wenye kiburi wote, ila hifadhidata bado hana.

Kwa maoni yangu ubishi huu umekaa pasipo pake. Kupeleka faili za programu kwenye diski ndiyo sehemu rahisi, na njia zote zinaiweza. Uzito uko kwenye maamuzi yanayofanyika hapohapo: data zikae folda gani, herufi zisimbwe vipi, zipangwe kwa kanuni za lugha ipi, nani aingie na kwa uthibitisho gani, poti ipi, kurasa za data ziwe na cheksamu (namba ya kukagulia kama ukurasa umeharibika) au zisiwe nazo. Mengine utayabadilisha kesho kwa mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio. Mengine yakipita yamepita, mpaka utoe data zote nje na kuzirudisha upya. Kwa hiyo mimi njia yoyote ya usakinishaji naipima hivi: imeniuliza nini, na imeniamulia nini kimyakimya?

Chukua kisakinishi cha PostgreSQL cha Windows, kile kinachotengenezwa na kampuni ya EDB. Kinauliza folda ya programu, vipengele unavyotaka (seva, pgAdmin ya kusimamia hifadhidata kwa dirisha, Stack Builder ya kuongeza vipengele, zana za mstari wa amri), folda ya data, nenosiri la mtumiaji mkuu `postgres`, poti (difolti 5432) na lokali (mipangilio ya lugha na eneo). Kabla ya kuanza kazi kinakuonyesha muhtasari wa ulichochagua. Sasa ingia kwenye Debian au Ubuntu uandike `sudo apt install postgresql`. Hujaulizwa hata swali moja kati ya hayo. Kifurushi kinaunda klasta (mkusanyiko wa hifadhidata zinazohudumiwa na seva moja) inayoitwa `main`, data kinaziweka chini ya `/var/lib/postgresql`, mipangilio chini ya `/etc/postgresql`, lokali kinaichukua kwenye mfumo, kisha kinaiwasha seva. Ukikunja mikono ukijisifu kwamba wewe ni mtu wa teminali, ukweli ni kwamba umefanya maamuzi machache kuliko yule aliyebofya.

Na hapo kuna mtego. Kwenye seva iliyosakinishwa kiduchu, ambayo lokali yake ni `C`, klasta inaweza kuzaliwa na usimbaji wa `SQL_ASCII`. Maana yake PostgreSQL inapokea baiti zozote bila kukagua kama ni UTF-8 halali. Hakuna kosa litakaloonekana. Majina yataingia, emoji zitaingia, programu moja itaandika kwa usimbaji huu na nyingine kwa ule, na siku ya kuhamisha data ndipo utakapokuta mchanganyiko. Ni kweli unaweza kuunda hifadhidata mpya kutoka `template0` (kiolezo safi cha PostgreSQL) yenye UTF8, lakini ile iliyokwisha kujaa haigeuzwi papo kwa papo. Ni kutoa na kurudisha.

Kwa hiyo nauliza wadau: mnasakinisha kwa njia gani, na kwa sababu ipi? "Nimezoea" si sababu.

#2 Skripti_Tu

Mkuu, hoja yako nimeielewa lakini umeruka jambo kubwa kuliko yote. Dirisha halirudiwi. Ukibofya leo kwenye mashine moja, kesho ukahitaji mashine ya pili iwe sawasawa na ya kwanza, utategemea kumbukumbu ya kichwa. Amri naiweka kwenye faili, faili inaingia Git (zana ya kutunza historia ya mabadiliko), mwenzangu anaisoma na kuniuliza kwa nini nimechagua hivi. Huwezi kukagua kubofya kwa mtu.

Halafu hilo la apt kukaa kimya lina dawa, ila watu hawasomi. Sakinisha `postgresql-common` kwanza, fungua `/etc/postgresql-common/createcluster.conf`, weka `create_main_cluster = false`, ndipo usakinishe `postgresql`. Hapo hakuna klasta itakayoundwa bila idhini yako. Unaiunda mwenyewe:

`sudo pg_createcluster 16 main --locale=en_US.UTF-8 -- --data-checksums`

Chochote kinachofuata vile vistari viwili vilivyo peke yake kinapelekwa kwa `initdb`, amri inayounda klasta. Ukitaka iwe desturi ya mashine nzima, kwenye faili hiyohiyo kuna `initdb_options`.

#3 Mtunza_Jedwali (mtoa mada)

@Skripti_Tu hapo kwenye kurudia sina ubishi, na kwa seva ya kazi ndicho ninachofanya. Ila usichanganye mambo mawili. Dirisha kutorudiwa ni kweli; kisakinishi kutorudiwa si kweli. Faili ileile ya EDB inakubali kuendeshwa bila dirisha lolote:

`postgresql-16-windows-x64.exe --mode unattended --optionfile majibu.txt`

(Jina la faili uliyopakua litakuwa na namba ndefu zaidi.) Ndani ya hiyo faili ya majibu unaweka `datadir`, `serverport`, `superpassword` na mengine. Hiyo unaweza kuiweka kwenye skripti ya mashine hata mia. Tahadhari iko kwenye nenosiri: usilitie Git, na usiliandike moja kwa moja kwenye mstari wa amri kwa sababu anayetazama orodha ya michakato ataliona.

#4 Bofya_Bofya

Asante mtoa mada, angalau kuna mtu anatutetea. Mimi natumia Windows kazini, sina seva ya Linux, na sioni aibu.

Niongeze moja ambalo kambi ya teminali hailijui: kile kisakinishi kikimaliza kinaacha faili inaitwa `installation_summary.log` ndani ya folda ya PostgreSQL. Imeandika folda ya data, poti, jina la huduma, akaunti inayoiendesha. Kwa hiyo hilo la "kumbukumbu ya kichwa" tulipunguze. Nani kati yenu mwenye kuandika amri kumi kwenye teminali ana karatasi kama hiyo baadaye? Historia ya bash haihesabiki, maana imejaa na amri zilizokosewa.

#5 Skripti_Tu

Hahaha. Sawa, hiyo nimekupa. Historia ya bash si nyaraka, na anayesakinisha kwa kunakili amri kutoka kurasa tano tofauti hana tofauti na anayebofya.

#6 Mwanagenzi_SQL

Samahanini wakuu, mimi ndiye aina ya mgeni mnayemsema. Nimetumia kisakinishi cha Windows, mwishoni kikaleta ujumbe kwamba uanzishaji wa klasta ya hifadhidata umeshindwa, na kikasema usakinishaji huenda usikamilike ipasavyo. pgAdmin inafunguka ila haiunganishi na seva. Nimeondoa na kurudisha, hali ni ileile. Nifanyeje?

#7 Mtunza_Jedwali (mtoa mada)

Karibu mwanagenzi, wala usiombe radhi.

Ujumbe huo unamaanisha faili za programu zimeingia salama lakini `initdb`, ile amri inayounda folda ya data yenyewe, imekwama. pgAdmin ni programu nyingine kabisa inayounganika na seva, ndiyo maana inafunguka bila shida huku seva haipo. Usiendelee kuihangaikia pgAdmin.

Kuondoa na kurudisha hakujasaidia pengine kwa sababu kiondoaji hakifuti folda ya data. Kinaiacha kwa makusudi, na ni busara, maana data za mtu hazifutwi ovyo. Lakini `initdb` haikubali kuanzisha klasta ndani ya folda yenye vitu. Kwa hiyo kila ukirudia unagonga mabaki ya jaribio la kwanza.

Fanya hivi. Bonyeza Windows na R, andika `%TEMP%`, tafuta `install-postgresql.log`. Nenda karibu na mwisho, tafuta neno `initdb`. Utaona amri yenyewe iliyoendeshwa na kosa lake halisi. Mara nyingi ni ruhusa za folda au lokali iliyokataliwa. Tubandikie mistari hiyo hapa, ila futa jina lako la mtumiaji kama linaonekana kwenye njia za folda.

#8 Mwanagenzi_SQL

Nimeiona. Inasema ruhusa imekataliwa kwenye folda ya data. Nilichagua folda ndani ya diski ya nje.

#9 Mtunza_Jedwali (mtoa mada)

Ndiyo hiyo. Huduma ya PostgreSQL kwenye Windows haiendeshwi kwa akaunti yako, inaendeshwa kwa akaunti ya mfumo iitwayo NetworkService, na folda ya data lazima akaunti hiyo iweze kuisoma na kuiandika. Futa folda iliyobaki (ni tupu kwako, hujaingiza kitu), sakinisha tena na uache data kwenye diski ya ndani. Diski ya nje inayoweza kuchomolewa si mahali pa hifadhidata hata ruhusa zikiwa sawa.

Wengine angalieni hapa: dirisha lilimficha kosa, logi ikalisema. Kama angeendesha `initdb` kwa mkono angeona kosa hilohilo usoni pake kwa sekunde moja. Huu ndio udhaifu wa dirisha ninaouona mzito kuliko wote, kuliko hata suala la kurudia. Likifaulu linapendeza, likikwama linakupa sentensi moja isiyosaidia.

#10 Kontena_Kila_Mahali

Nyote mko nyuma. Tumieni Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani kisanduku kilichojitenga. `docker run -e POSTGRES_PASSWORD=... -p 5432:5432 postgres` na uzi ufungwe. Hakuna kisakinishi, hakuna apt, unafuta ukitaka.

#11 Skripti_Tu

Unafuta ukitaka na usipotaka pia, kama hukuweka volumu yenye jina (hifadhi inayobaki hata kontena likifutwa).

#12 Mtunza_Jedwali (mtoa mada)

@Kontena_Kila_Mahali nakubali kwamba kwa kujifunza na kujaribu ni njia nzuri, na faili ya Compose (mipangilio ya kontena iliyoandikwa) ni nyaraka tosha. Ila kipime kwa kipimo kilekile. Amri yako imeamua mambo mawili bila wewe kujua.

Kwanza, `-p 5432:5432` inafungua poti kwenye violesura vyote vya mtandao vya mashine, si kwa mashine yenyewe tu. Na Docker inaandika kanuni zake za iptables (kichujio cha mtandao cha Linux) zinazopita pembeni ya ngome ya `ufw`, hivyo unaweza kuwa na ngome inayoonyesha poti imefungwa huku dunia nzima inaigonga. Andika `-p 127.0.0.1:5432:5432` kama programu yako iko mashine hiyohiyo.

Pili, na hili linaulizwa kila mara: `POSTGRES_PASSWORD`, `POSTGRES_DB` na wenzake vinafanya kazi pale tu folda ya data ikiwa tupu. Mtu anabadilisha nenosiri kwenye Compose, anawasha upya, nenosiri jipya linakataliwa, anadhani Docker imeharibika. Haijaharibika. Klasta ilishaundwa na nenosiri la zamani limo ndani yake, unalibadilisha kwa `ALTER ROLE`. Hata skripti ulizoweka kwenye `/docker-entrypoint-initdb.d` ni hivyohivyo, zinaendeshwa mara ya kwanza tu.

Difolti si jambo dogo. Mwanzoni mwa 2017 maelfu kwa maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilifutwa na kuachiwa ujumbe wa kudai fidia, na hazikuvunjwa kwa ustadi wowote. Zilikuwa wazi kwenye intaneti bila nenosiri. Toleo la 3.6 ndilo lililofanya seva isikilize mashine yake yenyewe tu mpaka uamue vinginevyo.

#13 Mke_wa_MySQL

Mbona mnaongea PostgreSQL tu? Upande wa MySQL kuna mfano unaompa mtoa mada haki kabisa: `lower_case_table_names`.

Windows difolti yake ni 1, majina ya majedwali yanahifadhiwa kwa herufi ndogo na hayatofautishwi. Linux ni 0, `Wateja` na `wateja` ni majedwali mawili. Msanidi anaandika programu kwenye Windows, hoja (query) moja ina `Wateja` nyingine `wateja`, zote zinapita. Anapeleka seva ya Linux, nusu ya kurasa zinasema jedwali halipo. Anagundua kigezo hicho, anakiandika kwenye `my.cnf`, anawasha upya, na MySQL 8.0 inagoma kuwaka kabisa! Kuanzia toleo hilo thamani iliyotumika wakati wa kuanzisha folda ya data haibadilishwi tena.

Sasa njoo kwenye usakinishaji. Kisakinishi cha Windows, ukiwasha chaguo za kina, kina ukurasa unaokuuliza hasa jambo hilo. `apt install mysql-server` haiulizi, inaanzisha folda ya data hapohapo kwa 0. Ukitaka 1 inakubidi usimamishe seva, uondoe folda ya data, uweke kigezo, kisha uanzishe upya kwa `mysqld --initialize`. Kwenye seva mpya ni sawa. Kwenye seva yenye data ni bakapu kwanza.

#14 Bofya_Bofya

@Mke_wa_MySQL asante, ila kile kisakinishi kikubwa cha MySQL cha Windows hakipo tena kuanzia 8.1. Sasa ni MSI ya kawaida pamoja na MySQL Configurator. Kinachoniudhi ni wanaofundisha kwa picha za kile cha zamani.

#15 Mke_wa_MySQL

Ni kweli. Na picha ndizo zinazowaponza wageni, maana dirisha likibadilika mafunzo yote yamekufa. Amri nazo hubadilika lakini polepole, na angalau ukiikosea inakwambia.

Nyongeza kwa wanaotumia `--initialize` kwa mara ya kwanza: nenosiri la muda la `root` liko kwenye logi ya makosa, usilitafute kwingine. Mkiona mafunzo yanawaambia mtumie `--initialize-insecure`, hiyo inamwacha `root` bila nenosiri. Ina matumizi yake kwenye skripti ambayo mstari unaofuata unaweka nenosiri, vinginevyo iacheni.

#16 Mtunza_Jedwali (mtoa mada)

Naweka pini kwenye #13.

Kwa upande wa PostgreSQL ndugu yake ni `initdb` tupu. Ukiiendesha kwa mkono bila `-A` (chaguo la aina ya uthibitisho), inaweka uthibitisho wa `trust` kwa miunganisho ya ndani, yaani yeyote aliye kwenye mashine hiyo anaingia kama mtumiaji mkuu bila nenosiri. Inatoa onyo, lakini limo kati ya mistari mingi na watu wanalipita. Kisakinishi cha dirisha kinalazimisha nenosiri. Kifurushi cha Debian kinaweka `peer` kwa soketi ya ndani, yaani jina lako la mtumiaji kwenye mfumo ndilo linalokaguliwa. Kwa hiyo njia ya "mafundi wa kweli" ndiyo iliyo legevu kuliko zote usipojua unachofanya. Andika `-A scram-sha-256 -W`, yaani nenosiri liwe lazima na uulizwe uliweke, na mambo yanakaa sawa.

Na kwa kuwa kuna mtu ataniuliza niko kambi gani: kompyuta yako ya kujifunzia ikiwa Windows, tumia dirisha, soma kila ukurasa, usibofye Next kwa mazoea. Seva ambayo mtu mwingine ataitegemea, maandishi. Kwenye Linux hata ukitaka dirisha la EDB halipo, waliacha kulitoa kuanzia PostgreSQL 11. Na kama data zako ni faili moja inayosomwa na programu moja, jiulize kama unahitaji seva hata kidogo. SQLite haina cha kusakinisha.

#17 Poti_5433

Mimi ninalo hili. Nilikuwa na toleo la 13, nikasakinisha 16 kwa dirisha. Nikiingia kwa pgAdmin majedwali yapo, programu yangu niliyoielekeza 16 inasema hayapo.

#18 Skripti_Tu

Jina lako limejibu swali. Seva mbili zinaishi pamoja. Ya kwanza ilishachukua 5432, ya pili ikapewa 5433. Kusakinisha toleo kubwa jipya hakuhamishi data. pgAdmin yako bado iko kwenye ile ya zamani, programu yako iko kwenye mpya iliyo tupu. Endesha `SELECT version();` na `SHOW port;` pande zote mbili uone. Kwenye Debian `pg_lsclusters` inakuonyesha zote kwa pamoja.

#19 Poti_5433

Ni kweli, 13 iko 5432. Basi nihamishe. Nikifika huko si bora niende 18 moja kwa moja, maana 13 imeshaisha muda wake wa matengenezo?

#20 Mtunza_Jedwali (mtoa mada)

Unaweza kuruka matoleo, `pg_upgrade` (zana ya kuhamisha klasta kwenda toleo jipya) haina shida na hilo. Ila kabla hujaanza, unganika na ile ya 13 uendeshe `SHOW data_checksums;` utuambie.

#21 Poti_5433

Inasema `off`. Sikuwahi kuulizwa.

#22 Mtunza_Jedwali (mtoa mada)

Hukuulizwa, ndiyo. Kabla ya 18 difolti ilikuwa hakuna cheksamu, na kwenye 18 difolti imegeuka, klasta mpya inazaliwa nazo. `pg_upgrade` inataka pande zote mbili zilingane, hivyo ukienda moja kwa moja itakataa.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuunda klasta ya 18 kwa `initdb --no-data-checksums`, uhamie, uendelee bila ulinzi huo. Siipendi, kwa sababu cheksamu ndiyo inayokwambia kwamba diski imeharibu ukurasa wa data kabla hujaunakili uharibifu huo kwenye bakapu zako zote.

Ya pili: bakapu kwanza. Kisha simamisha huduma ya 13 kwa utaratibu, usiiue. Fungua teminali kama msimamizi, ingia `C:\Program Files\PostgreSQL\13\bin` (kisakinishi hakiiweki kwenye PATH, ndiyo maana ukiandika `psql` mahali pengine utaambiwa "haipo"), uendeshe:

`pg_checksums --enable --progress -D "C:\Program Files\PostgreSQL\13\data"`

Zana hiyo ipo tangu toleo la 12. Inaandika upya kila ukurasa, hivyo muda unategemea ukubwa wa data na kasi ya diski, na seva haitapatikana wakati wote huo. Ikimaliza washa 13, hakikisha `SHOW data_checksums;` inasema `on`, izime tena, kisha `pg_upgrade` na bendera ya `--check` kwanza. Hiyo haibadilishi kitu, inakagua tu. Ikilalamika lokali hazilingani, bandika hapa ujumbe wote kabla hujagusa chochote.